Gegedu la Goti: Likilika, Laweza Kuoteshwa Tena?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, pwani ya Mtwara na mdomo wa Mto Ruvuma

Kaeni karibu na redio, na kila mtu awe na daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya matano ubaoni: gegedu, seli, seli shina, kiunzi, uboho. Kabla somo halijaisha, kila mmoja wetu ataweza kuyasoma maneno hayo na kueleza maana yake.

Somo la leo limetokana na swali. Mzee mmoja mvuvi, mwanafunzi wa kisomo katika kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, ametuletea barua. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, nasi twampongeza. Anasema kwamba goti lake la kulia limemsumbua miaka mingi. Akikokota mashua mchangani, goti linalia kama mlango wenye kutu. Daktari amemwambia kuwa gegedu lake limelika. Sasa mpwa wake anayeishi mjini amemletea habari za watu wanaochoma sindano ya seli shina. Watu hao wanasema gegedu litaota tena kama la kijana. Lakini bei yake ni kubwa mno. Mzee anauliza hivi: "Je, niuze mashua yangu?"

Hili ni swali zito. Mashua ya mvuvi ni chakula cha nyumba nzima. Kwa hiyo hatutalijibu kwa haraka. Kwanza tutajifunza gegedu ni kitu gani, na kwa nini haliponi. Pili tutaona jinsi wataalamu wanavyojaribu kuliotesha. Mwisho tutampa mzee jibu lake.

GEGEDU NI KITU GANI?

Haya, kila mtu ashike sikio lake. Lipinde, kisha liachilie. Umeona? Limerudi mahali pake. Ndani yake hamna mfupa mgumu, wala si nyama tupu. Kinacholishika sikio ni gegedu. Sasa shika ncha ya pua yako. Hilo nalo ni gegedu. Na ile ncha nyeupe ya kidari cha kuku, ambayo watoto hugombea kuitafuna, ni gegedu pia.

Ninyi mlio wavuvi mnalijua gegedu kuliko watu wa bara. Changu ana mifupa na miiba migumu, nayo hukwama kooni. Lakini papa na taa hawana mfupa wa kweli hata mmoja. Kinachoshika mwili wao ni gegedu. Ndiyo maana kisu chako hupita katika uti wa papa bila taabu nyingi.

Hata wewe ulianza hivyo hivyo. Tumboni mwa mama, mifupa ya mikono na miguu ya mtoto huanza ikiwa gegedu. Baadaye, polepole, gegedu hilo hugeuka mfupa. Likumbukeni sana jambo hili, maana tutarudi kwake.

Kwa mtu mzima gegedu hubaki mahali maalumu tu. Liko sikioni na puani. Liko katika bomba la pumzi shingoni, nalo limelizunguka bomba hilo kama pete ili lisijifunge tunapovuta hewa. Tena liko katika viungo, pale mfupa mmoja unapokutana na mwingine. Katika goti, ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa muundi zimevikwa gegedu laini, jeupe, linalong'aa. Unene wake ni milimita chache tu.

Gegedu la goti lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuteleza, ili mfupa usisagane na mfupa. Kazi ya pili ni kupokea uzito. Ukiruka kutoka chomboni na kutua mchangani, gegedu hubonyea kidogo, kisha hurudi kama lilivyokuwa.

KWA NINI GEGEDU HALIPONI?

Ukikatwa na gamba la chaza pale mwambani, damu hutoka. Damu hiyo huganda na kuziba jeraha. Kisha huleta chakula na askari wa mwili, na baada ya siku chache ngozi mpya huota. Kila kitu kinachohitajika kwa ukarabati huletwa na damu.

Lakini gegedu la kiungo halina mishipa ya damu. Ni kama kijiji kisicho na barabara. Nyumba ikibomoka huko, gari la vifaa halifiki.

Basi gegedu hula nini? Gegedu hula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo. Sehemu yake kubwa ni maji. Unapokanyaga, maji hutoka. Unapoinua mguu, maji mengine huingia, yakiwa na chakula kidogo kutoka katika ute wa kiungo. Kwa hiyo kutembea ndiko kunakolisha gegedu.

Kuna sababu nyingine. Mwili wako umejengwa kwa vitu vidogo sana vyenye uhai, visivyoonekana kwa macho matupu. Kila kimoja huitwa seli. Nyama ina seli nyingi zilizosongamana. Lakini katika gegedu seli ni chache, nazo zinakaa mbali mbali, kila moja imezungukwa na maji na nyuzi ilizozitengeneza yenyewe. Mafundi ni wachache, na kila fundi amefungiwa katika chumba chake. Wataijengaje nyumba iliyobomoka?

Jambo hili si geni. Mwaka 1743 daktari mmoja aitwaye William Hunter aliandika huko London kwamba gegedu likisha haribika halirudi tena. Imepita zaidi ya miaka 280, na kwa sehemu kubwa neno lake lingali kweli.

Tena gegedu halina mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu linaweza kulika kwa miaka bila wewe kujua. Maumivu huja baadaye, wakati mfupa ulio chini yake na ngozi ya ndani ya kiungo vinapoumia.

(Hapa mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi: Kwa nini jeraha la ngozi hupona, na jeraha la gegedu haliponi? Mtu mmoja asimame na kujibu.)

WATAALAMU WALIANZA WAPI?

Kama mafundi wa gegedu ni wachache, je, hatuwezi kuwaongeza? Hilo ndilo wazo lililowajia madaktari wa mji wa Gothenburg, nchini Sweden. Mwaka 1987 walianza kazi hii. Walichukua kipande kidogo cha gegedu zima kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito. Wakazitoa seli zake. Wakaziweka katika chombo chenye maji ya chakula na joto kama la mwili, nazo zikaongezeka kwa majuma mawili au matatu. Kisha wakazirudisha katika tundu la gegedu la mgonjwa yule yule, wakalifunika kwa kipande chembamba cha ngozi ya mfupa.

Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walitangaza matokeo. Wagonjwa walikuwa 23. Kati yao, 16 walikuwa na tundu kwenye ncha ya mfupa wa paja, na baada ya miaka miwili 14 kati ya hao walikuwa na hali nzuri. Saba waliobaki walikuwa na tundu nyuma ya pia ya goti, na kwa hao kazi haikwenda vizuri. Angalieni jinsi madaktari hawa walivyosema yote mawili, yaliyofaulu na yasiyofaulu. Hiyo ni alama ya mtaalamu mwaminifu.

Lakini angalieni jambo jingine pia. Wagonjwa hao walikuwa vijana na watu wa makamo walioumia. Gegedu lao lilikuwa na tundu moja, kama bati lililotoboka mahali pamoja. Hawakuwa na goti lililolika lote kwa uzee na kazi. Kuziba tundu moja na kuezeka paa zima ni kazi mbili tofauti.

KIUNZI NI NINI?

Palikuwa na tatizo. Seli za gegedu zikilazwa juu ya sahani bapa husahau kazi yake. Hubadilika umbo, na badala ya gegedu hutengeneza nyuzi za kovu. Zinataka kukaa kama zilivyokaa mwilini, huku zimeshikwa juu, chini na kila upande.

Hapa tufikirie nyumba zetu za miti na udongo. Je, fundi huanza kwa kurundika udongo? La. Akifanya hivyo atapata kichuguu. Kwanza husimamisha nguzo. Kisha hufunga fito kwa kamba, akiacha nafasi kati yake. Hatimaye hukandika udongo, nao ukashika katika zile nafasi. Zile nguzo na fito ndizo kiunzi.

Wataalamu nao hutengeneza kiunzi kidogo cha kushika seli. Kiunzi kizuri kina sifa nne. Kina matundu mengi, ili seli ziingie na chakula kipite. Mwili haukikatai. Kinavumilia kubanwa. Tena huyeyuka polepole, kadiri gegedu jipya linavyojengeka. Hapa ndipo kinapotofautiana na nyumba yetu: katika nyumba twataka fito zidumu, bali katika goti twataka ziondoke na kuacha ukuta peke yake.

Kiunzi hutengenezwa kwa nini? Vingine hutengenezwa kwa kolajeni, yaani nyuzi zinazotolewa katika ngozi na mishipa ya wanyama. Vingine hutengenezwa kwa vitu vya kiwandani vinavyoyeyuka mwilini, ndugu zake ule uzi wa hospitali ambao hauhitaji kutolewa baada ya kushonwa. Vingine vinatoka baharini. Maganda ya kaa na kamba yana kitu kiitwacho kitini, nacho hugeuzwa kuwa kitosani. Mwani wa rangi ya kahawia hutoa uteute uitwao alginati. Mwani mwekundu hutoa agarosi na karajini. Vitu hivi vyote vimejaribiwa katika maabara kushikilia seli za gegedu.

Msikie vizuri, ndugu zangu mnaolima mwani, na ninyi mnaokamata kaa katika mikoko ya Ruvuma. Sikusema kwamba kula mwani au kusaga maganda ya kaa kutaponya goti. Fito zilizorundikwa uani si nyumba. Vitu hivyo husafishwa sana na kupimwa sana kabla ya kutiwa mwilini mwa mtu.

Kazi ya kiunzi na seli za gegedu imefika mbali. Mwezi wa Desemba 2016 serikali ya Marekani iliruhusu matibabu yaitwayo MACI. Seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe hupandwa juu ya utando wa kolajeni, kisha utando hukatwa kwa kipimo cha tundu na kubandikwa gotini. Mwaka huo huo wa 2016, wataalamu wa Basel, nchini Uswisi, walitangaza kwamba walichukua seli za gegedu la pua za wagonjwa 10, wakaziotesha juu ya kolajeni, wakaziweka gotini. Naam, pua ilisaidia goti!

SELI SHINA NI NINI?

Sasa tufike katika neno alilolisikia mpwa wa mzee wetu. Katika kijiji kuna mvuvi, seremala na mkulima. Kila mtu ameshika kazi yake. Lakini kuna vijana ambao bado hawajachagua kazi. Ukimpeleka kijana kwa seremala, atakuwa seremala. Ukimpeleka kwa wavuvi, atakuwa mvuvi.

Seli nazo ni hivyo. Seli ya ngozi imekwisha kushika kazi ya ngozi. Seli shina ni kama kijana ambaye hajachagua. Baadhi ya seli hizi hukaa katika uboho, yaani yale mafuta na damu yaliyo ndani ya mfupa. Baadhi hukaa katika mafuta ya mwili, na nyingine katika kitovu cha mtoto mchanga. Mwaka 1998 watafiti wa mji wa Cleveland, nchini Marekani, walionyesha kwamba seli shina za uboho zinaweza kufundishwa kutengeneza gegedu zikikusanywa pamoja na kupewa kemikali zinazofaa.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Kwanza daktari huingiza sindano nene katika mfupa wa nyonga na kuvuta uboho kidogo. Pili, seli shina hutengwa, nazo huoteshwa kwa majuma kadhaa mpaka ziwe mamilioni. Tatu, hupandwa katika kiunzi. Nne, kiunzi huwekwa katika chombo chenye joto la mwili, maji ya chakula, na kemikali za kuzifundisha. Mara nyingine mashine hukibana na kukiachia, kana kwamba mtu anatembea. Tano, kikiwa tayari, hutiwa gotini.

Kwa maneno ni rahisi, ila kwa vitendo ni kazi ngumu. Mnakumbuka nilisema kwamba mifupa ya mtoto tumboni huanza ikiwa gegedu? Seli shina za uboho hazijaisahau njia hiyo. Zikisha tengeneza gegedu, mara nyingi huendelea mbele na kutaka kuligeuza mfupa. Twataka kijana awe seremala, naye akisha jifunza randa anaondoka kwenda kuwa mwashi. Kuzizuia zisipite mpaka ni kazi ambayo wataalamu wangali wakiifanya. Kazi nyingine ni kuliunganisha gegedu jipya na la zamani, lisibanduke kama kiraka kilichoshonwa vibaya.

Hata hivyo pako mahali walipofika. Mwaka 2012 Korea Kusini iliruhusu dawa iitwayo Cartistem. Seli shina kutoka damu ya kitovu huchanganywa na uteute mzito, nao huwekwa na daktari wa upasuaji katika matundu aliyoyatoboa gotini. Hapo pana seli, na pana kitu cha kuzishika.

HABARI YA KIJANA WA ERITREA

Ndugu wanafunzi, sasa nawapa habari ya kusikitisha. Ni habari ya mtu wa Afrika Mashariki, na inatufundisha mengi.

Kijana mmoja wa Eritrea alikwenda kusoma nchini Iceland, mbali kaskazini mwa Ulaya. Alikuwa na mke na watoto. Akapata uvimbe mbaya katika bomba la pumzi, lile lenye pete za gegedu. Mwezi wa Juni 2011 alipelekwa katika hospitali ya Karolinska, mjini Stockholm, nchini Sweden. Huko daktari Paolo Macchiarini alimkata bomba lake na kumwekea jingine la plastiki. Bomba hilo lilikuwa kiunzi. Lilikuwa limelowekwa katika seli zilizotoka katika uboho wa kijana mwenyewe. Ikasemwa kwamba seli hizo zitaota juu yake na kuligeuza kuwa bomba lenye uhai.

Magazeti ya dunia yalishangilia. Mwezi wa Novemba mwaka huo jarida kubwa la madaktari, Lancet, lilichapa habari hiyo kuwa ni mafanikio.

Lakini plastiki haikugeuka kuwa mwili. Seli hazikujenga bomba. Damu haikufika ndani yake, na mahali pasipofika damu, uchafu na vidonda huingia. Kijana aliteseka, akarudishwa hospitali mara nyingi, na mwezi wa Januari 2014 akafariki dunia. Wagonjwa wengine wawili waliowekewa mabomba kama hayo katika hospitali ile nao walifariki.

Madaktari wanne wa hospitali ile ile ndio waliosimama na kusema. Waliyasoma mafaili ya wagonjwa, wakaona kwamba yaliyoandikwa katika majarida si yaliyotokea kitandani. Ikajulikana pia kwamba bomba lile halikujaribiwa vya kutosha kwa wanyama kabla ya kutiwa mwilini mwa watu. Mwaka 2018 Lancet iliifuta habari ile ya 2011. Mwezi wa Juni 2023 mahakama ya rufani ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na miezi sita kwa madhara aliyowatendea wagonjwa watatu.

Tunajifunza nini? Maneno seli shina na kiunzi yalikuwa maneno ya kweli. Lakini kilichofanywa kilikuwa ni kusimamisha fito na kutangaza kwamba nyumba imekwisha jengwa. Kijana yule alikwenda akitafuta uzima, naye aliwaamini wakubwa. Hakuwa na mtu wa kumwuliza maswali kwa ajili yake.

JIBU KWA MZEE WETU

Sasa, mzee wetu, tusikilize. Ile sindano uliyoambiwa ina seli, lakini haina kiunzi. Ni kama kumwaga udongo mahali pasipo na fito. Je, imepimwa? Ndiyo, imepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima watu 475 wenye magoti yaliyolika kama lako. Baadhi walipewa seli kutoka uboho, wengine kutoka mafuta ya mwili, wengine kutoka kitovu. Wengine walipewa sindano ya kawaida ya kupunguza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja waliopata seli hawakuwa na nafuu zaidi ya wale wa sindano ya kawaida. Tena picha za magoti hazikuonyesha kwamba gegedu limeota.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: mzee, usiuze mashua.

Hatusemi kwamba seli shina ni uongo. Kwa magonjwa ya damu, kupandikiza uboho ni tiba ya kweli. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Hospitali hiyo ina jina la hayati Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, wilaya ya Masasi, mkoa wetu wa Mtwara. Lakini dawa ya ugonjwa mmoja si dawa ya kila ugonjwa.

Siku moja mtu akija na tiba mpya, mwulizeni maswali manne. Yaandikeni katika daftari.

La kwanza: Tiba hii imepimwa kwa ugonjwa wangu huu, na wagonjwa waliopimwa walilinganishwa na wengine?

La pili: Nani ameiruhusu? Hapa Tanzania dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA. Majaribio ya tiba kwa watu hupata kibali cha maadili kupitia NIMR. Omba kuiona karatasi. Wewe sasa unajua kusoma, isome.

La tatu: Kama ni jaribio, kwa nini nalipa? Katika jaribio la kweli mgonjwa aghalabu hatozwi fedha kwa dawa inayojaribiwa. Huelezwa hatari zake, hutia sahihi kwa hiari, na anaweza kujitoa wakati wowote.

La nne: Nikidhurika, nani atanitibu?

Mtu mwaminifu hatakasirika kwa maswali haya. Anayekasirika, mwache aende zake.

TUTUNZE GEGEDU TULILO NALO

Mzee, bado kuna msaada. Nenda Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, hapa Mtwara, goti lipimwe. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu. Keti kitini, nyoosha mguu, uhesabu mpaka tano, ushushe. Rudia mara kumi, kila siku. Ukiwa mnene, punguza uzito. Tembea kila siku kwa kiasi, maana gegedu hulishwa kwa kutembea. Mashua isikokotwe na mtu mmoja; waite vijana, na tieni magogo chini yake. Na goti likisha haribika kabisa, kuna upasuaji wa kuweka goti la bandia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, inaufanya.

Mwisho nawausia akina mama na akina baba. Mtoto akiwa na homa, na goti au nyonga yake imevimba, ina moto, hataki kuikanyaga, msingoje hata kesho. Msimkande wala msimchanje. Huenda vijidudu vimeingia ndani ya kiungo, navyo vinaweza kulila gegedu kwa siku chache tu. Mtoto mwenye selimundu aangaliwe zaidi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Gegedu ambalo mabingwa wa dunia wanahangaika kuliotesha, ninyi mnaweza kuliokoa kwa kuwahi.

MASWALI YA DARASA

1. Taja sehemu nne za mwili zenye gegedu.
2. Gegedu hupata wapi chakula chake?
3. Kiunzi kinafanana na nini katika ujenzi wa nyumba? Kinatofautiana nayo wapi?
4. Kwa nini bomba la kijana wa Eritrea halikufaa?
5. Andika barua fupi kwa mzee mvuvi. Mweleze kwa maneno yako mwenyewe kwa nini asiuze mashua.

Barua hizo mpeni mwalimu wenu. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.